Sasa Kazi Naimaliza Mwenyewe

Tangu nilipostaafu ualimu hapa Tanga, jioni zangu ni za useremala: vigoda, rafu za vitabu, fremu za picha. Kupima na kukata havikunipa tabu. Kilichonishinda ni msasa. Baridi yabisi imekaa kwenye kifundo cha mkono wangu wa kulia, na mtiki wa huku Muheza ni mgumu. Ukishausugua kwa namba 80 hadi alama za msumeno zifutike, 120 na 180 bado zinakusubiri. Basi kila nilichounda nilikipeleka kwa fundi akanimalizie. Kilirudi kinang'aa, wageni wakanisifu, nami nikijua sifa za mng'ao ule ni za mwingine.

Aliyenitoa huko ni fundi mwenyewe, kijana niliyemfundisha darasa la nne. "Shikamoo mwalimu," alisema siku moja, "leo usiniachie. Jaribu mwenyewe." Akanitolea mashine zake na kipande cha mtiki.

Tulianza na grainda iliyofungwa sahani ya msasa. Inakula mbao haraka, na ukizubaa kidogo imeshachimba. Ikafuata mashine ya mkanda, nzuri kwa milango na meza kubwa, lakini inavuta kwenda mbele na inataka mikono miwili yenye nguvu. Nikaziweka zote pembeni.

Zilibaki mbili ndogo, za kushika kwa kiganja. Moja ina kitako cha mraba na hutetemeka tu bila kuzunguka. Uzuri wake ni kwamba inafika kwenye pembe, na unaifunga msasa wa kawaida: karatasi moja ya duka lolote la vifaa unaikata vipande vinne. Ya pili ina sahani ya duara ya milimita 125, inayozunguka huku ikiyumba, kwa hiyo mikwaruzo haifuatani mstari mmoja. Hufanya kazi upesi zaidi, ila misasa yake ya duara, yenye matundu na mgongo wa kunata, haipatikani kila duka.

Nilichagua ya duara, kwa sababu ya fremu. Kwenye kona ya fremu mbao mbili hukutana na nyuzi zake zinakatana. Ukisugua kwa mkono kufuata nyuzi za ubao mmoja, unauchana wa pili. Sahani ile inapita juu ya kiungo bila kuacha mikwaruzo mirefu. Mtu wa vijisanduku na pembe nyingi ningemwambia achukue ya mraba.

Umeme nao nilikuwa nauhofia, hadi nilipopiga hesabu: mashine yangu ni ya wati 300, kwa hiyo saa nzima ya kazi haifiki hata theluthi ya uniti moja ya Luku. Cha kuangaliwa zaidi ni kibao cha volti. Mashine ya mtumba iliyotengenezwa kwa soko la Marekani hutaka volti 120, na umeme wetu ni 230. Ukiichomeka hivihivi utaiunguza.

Kuitumia kulinidai subira. Sikandamizi, naiacha ifanye kazi kwa uzito wake, naisogeza polepole. Kabla ya kila namba nachora mistari ya penseli juu ya ubao, na mistari ikifutika yote ndipo nahamia namba inayofuata. Mwisho nazima mashine na kupitisha namba ileile kwa mkono, kufuata nyuzi, mara chache tu. Mtetemo nao huchosha, hivyo nafanya kwa vipindi vifupi na kushika kwa wepesi.

Vumbi silifanyii mzaha. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, la Umoja wa Mataifa, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Nalinganisha matundu ya msasa na ya sahani ili vumbi liingie kwenye mfuko wa mashine, navaa barakoa hata hivyo, na kazi yenyewe naifanyia uani, si sebuleni.

Leo rafu zangu zinatoka kwangu zikiwa na vanishi niliyopaka mwenyewe. Kwa fundi bado naenda, lakini sasa naenda kununua mbao na kuulizana habari za kazi.

Kama nawe unatafuta mashine, nenda dukani na kipande cha mbao unayoitumia. Omba iwashwe, ishike kwa mkono mmoja hadi uone kama kiganja kinachoka. Kisha, kabla hujauliza bei ya mashine, uliza bei ya misasa yake na duka lililo karibu nawe linaloiuza. Mashine unainunua mara moja. Misasa utainunua kila unapoanza kazi mpya.