Sauti ya Tatu Ipililo

Basi lilipopinda kulia pale Lamadi, harufu ya samaki ikabaki nyuma pamoja na upepo wa ziwa. Nikajua tumeiacha barabara ya Musoma, tunazidi kuzama ndani ya Simiyu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza. Asiyeona hasomi vibao. Safari nilikuwa naihesabu kwa masikio na pua tangu tulipotoka stendi ya Nyamhongolo, Mwanza.

Mapajani nilipakata laptopu. Mfukoni nilikuwa na flashi yenye faili la kusakinishia Windows, zaidi ya GB 5, maana kulipakua kijijini kwa bando ni kutupa hela. Mwenyeji wangu, mwalimu asiyeona, alitaka jambo moja: ajue kusakinisha Windows kwa mikono yake. Fundi wa mjini anaiweka vizuri, kisha anakurudishia kompyuta bubu. Na kompyuta ukiwa nayo moja tu, huwezi kujifunzia humo humo. Ukikwama katikati, nani akusomee? Ndiyo maana nikawaza mashine pepe, kompyuta ya kuigiza iliyomo ndani ya ile halisi. Ivuruge, ifute, anza upya. Ile ya nje haina habari.

Bariadi nilibadili gari kuelekea upande wa Maswa, na mwisho nikapanda bodaboda iliyonivusha vumbi na mikokoteni ya ng'ombe mpaka Ipililo. "Mwadila, baba," mama yake mwalimu alinipokea, akanishika mkono moja kwa moja hadi kwenye sahani ya michembe ya karanga. Kazi ikangoja. Michembe ile haikuwa ya kuharakishwa.

Wenye macho wakichagua programu ya mashine pepe hulinganisha kasi. Sisi tunauliza mawili: inaanza kusema lini, na vitufe vya kibodi ni vya nani? Hyper-V ya Microsoft niliiondoa mapema. Haimo kwenye Windows Home, aliyokuwa nayo mwalimu, na haiigizi kadi ya sauti: sauti yake hupitia muunganisho wa mbali, unaopatikana Windows ya ndani ikishakamilika. Wakati wa kusakinisha, pale hasa tunapohitaji kusomewa, kimya. Nyingine niliyowahi kuijaribu, jina lake nalihifadhi, kisoma skrini kiliishia kuniambia "kitufe, kitufe, kitufe."

Tukabaki na VMware Workstation Pro, ambayo tangu Novemba 2024 hailipiwi na mtu yeyote. RAM ilikuwa GB 8; mashine ya ndani tukaigawia 4.

Mgogoro ukaja kwenye vitufe. Mwalimu anatumia NVDA, kisoma skrini cha bure alichokianzisha Michael Curran wa Australia, naye asiyeona, mwaka 2006. Kila amri aliyokusudia ndani, NVDA ya nje iliidaka njiani, kama mwenye nyumba anayejibu simu ya mgeni. Dawa ni kuilaza: ndani ya dirisha la VMware unabonyeza kitufe cha NVDA, Shift na S, inanyamaza kwa programu hiyo tu. Ukitaka kutoka, Ctrl na Alt. Nilimrudisha mwalimu kwenye hatua hizo mpaka akaanza kunikataza kumkumbusha.

"Sasa niache," akasema.

Akawasha mashine. Feni ikaanza kuvuma. Akasubiri, akabonyeza Ctrl, Windows na Enter kwa pamoja, kukiamsha kisoma skrini cha Windows yenyewe. Hakuna kitu. Nilitaka kunyoosha mkono, nikaukalia. Akabonyeza tena, na sauti ya Kiingereza ikatoka ndani ya ile kompyuta ya kuigiza, ikimsomea lugha za kuchagua.

Mwalimu hakusema neno. Alishuka chaguo moja baada ya jingine, akirudi juu makusudi ili asomewe tena.

Nje, ufagio ukasimama. "Mwalimu," mama aliita kutoka uani, "huyo mzungu ameingia saa ngapi? Michembe imebaki kidogo."