Kampala Niliyoikuta

Wajukuu zangu wakisimulia safari za London na Paris, jinsi walivyopiga picha mbele ya kasri la mfalme na kupanda ngazi za makanisa ya kale, huwasikiliza kwa furaha. Kisha huwauliza: na Kampala je, mmefika? Hucheka. Kampala, wanasema, kuna nini babu, si foleni na boda boda tu? Basi jimiminie chai, mwenzangu, nikusimulie mji mkuu nilioukuta mimi mwaka 1965, mji uliokuwa na mfalme wake, bunge lake, ngoma zake na makaburi ya wafalme wake, na wenyewe wakijua adabu ya kila kimoja.

Nilikuwa kijana, nimemaliza shule Mombasa, sina kazi. Mjomba wangu alikuwa fundi wa mabehewa katika Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, naye alikuwa amehamishiwa Kampala. Akanitumia tiketi ya daraja la tatu na barua fupi: njoo uone dunia kabla hujaoa. Mama akanifungia mkate wa mofa, samaki wa kukaanga na chupa ya achari. Baba akanipa shilingi ishirini na nasaha nyingi.

Kutoka Mombasa ulilala njiani mara mbili. Usiku wa kwanza ulikuwa wa vumbi la Taru na joto, na harufu ya mafuta mazito, kwa maana injini zetu wakati ule hazikula tena kuni wala makaa. Nairobi ulibadilisha treni, ukapanda ya Kampala, na hapo ndipo safari ilipoanza kuwa safari. Usiku wa manane tulifika Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Mtoto wa Mombasa sijapata kuona baridi ya namna ile. Nilikuwa na kikoi tu. Mama mmoja wa Kibukusu aliyekaa mkabala nami, hata jina langu hakuniuliza, akafungua furushi lake na kunifunika blanketi, akaendelea na usingizi wake. Nje tulisikia injini ikihema na mtu akitembea kando ya mabehewa, anagonga magurudumu kwa nyundo, ting, ting, ting, mpaka sauti ikapotelea nyuma.

Kulipopambazuka tulikuwa tunateremka. Tororo, pale penye jiwe kubwa lililosimama peke yake, nilinunua ndizi dirishani kwa shilingi ile ile niliyotoka nayo Mombasa, maana shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa moja, huku na huku. Halafu Jinja. Watu wote behewani walihamia upande mmoja. Treni ikapunguza mwendo ikaingia juu ya daraja la mwaka 1931, na chini yetu Mto Nile ukiondoka ziwani, kijani, mpana, una haraka zake. Mzee mmoja mwenye kanzu alivua kofia. Sikumwuliza kwa nini, na mpaka leo najutia swali lile nisiloliuliza.

Nyumba za wafanyakazi wa reli zilikuwa Nsambya. Mjomba alikuwa ameoa mwanamke wa Kiganda kutoka Masaka, na huyo ndiye aliyenifundisha Kampala. Siku ya kwanza alitoka nje, akapiga magoti barazani, akanisalimu. Mimi kijana mdogo, napigiwa magoti na mke wa mjomba! Nikataka kumwinua. Mjomba akanishika mkono: "Tulia, mwanangu. Huo ndio ustaarabu wa watu wa hapa, itikia." Na salamu zenyewe zilikuwa ndefu. Umelalaje, habari za huko, habari za nyumbani, ahsante kwa kazi. Kila swali lilijibiwa kwa mguno laini, mmm, naye akakujibu mmm, mpaka mkashusha pumzi wote wawili. Ndipo ukaulizwa una njaa.

Nilikuwa nayo. Jikoni kwake sufuria ilikuwa imefunikwa majani ya mgomba tangu asubuhi. Alipoyafungua, mvuke ulipanda na harufu ya jani lililoiva, ambayo ni harufu tamu na mbichi kwa pamoja, huipati kwingine. Ndani mlikuwa na matoke yamefungwa kwenye majani mengine. Akalishika furushi lile la moto kwa mikono yake, akalikanda juu ya majani, polepole, akilizungusha, mpaka ndizi zikawa donge moja la manjano. Akalifungua mbele yetu. Kando kulikuwa na mchuzi wa njugu uliochanganywa na uyoga mkavu. Mimi niliyezoea wali wa nazi nilikula kimya kimya, nikaongeza, nikaongeza tena, na yeye akacheka akasema kwa Kiswahili chake cha kujikongoja: "Sasa wewe mtu wa hapa."

Kiswahili chenyewe, nikwambie, hakikuwa na heshima kubwa Kampala. Waganda wengi walikihesabu kuwa lugha ya askari na ya watu wasio na kwao. Siku moja soko la Nakasero nilimsalimu mama muuza nyanya kwa Kiswahili changu fasaha cha Mombasa, naye akaniuliza kwa wasiwasi kama nimetoka kambini. Baada ya hapo nilijifunza kusema "Oli otya nnyabo," yaani habari gani mama, na bei zikateremka zenyewe. Lakini ukienda Kibuli au Kisenyi, huko Kiswahili kilikuwa nyumbani.

Na mambo hayakuwa hivyo tangu mwanzo. Jirani yetu Nsambya alikuwa mwalimu mstaafu, mzee wa Kiganda mwenye kanzu nyeupe na koti jeusi, ambaye jioni aliketi na mjomba wakinywa chai. Huyo ndiye aliyeniambia kwamba Ahmed bin Ibrahim, mfanyabiashara Mwarabu aliyepitia pwani yetu, alikuwa amekwisha fika barazani kwa Kabaka Suuna, mfalme wa Buganda, mwaka 1844, kabla Mzungu yeyote hajakanyaga Buganda. Kwamba Kabaka Mutesa wa Kwanza alikijua Kiswahili, na kwamba msafiri wa Kizungu Stanley alipofika mwaka 1875 alikuta mji mkuu wenye barabara pana zilizonyooka. Na kwamba safari hazikuwa za upande mmoja. Mutesa alituma wajumbe watatu Uingereza, wakapokelewa na Malkia Victoria mwaka 1880. Mwaka 1902 Katikiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, Apolo Kagwa akaenda na mwandishi wake Ham Mukasa kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba. Lakini mfalme akaugua, akapasuliwa tumbo, sherehe ikaahirishwa mpaka Agosti. Ham Mukasa aliandika kitabu kizima cha safari ile, kikachapishwa kwa Kiingereza mwaka 1904. Mzee alilisimulia jambo hili kwa fahari, akiinua kidole: "Wanasema wao walikuja kututazama. Sisi pia tulikwenda kuwatazama wao, na tuliandika tuliyoyaona."

Jumapili ya kwanza niliamshwa na ngoma. Si ngoma ya harusi. Ilikuwa ngoma kubwa ya kanisa la Namirembe ikiita watu kwenye ibada kutoka mlima wa pili. Haijamaliza, kengele za Rubaga zikaitikia. Alfajiri tulikuwa tumekwisha sikia adhana ya Kibuli, ule msikiti mweupe uliokamilika mwaka 1951 juu ya ardhi iliyotolewa na Mwanamfalme Badru Kakungulu. Kila dini ilikuwa na mlima wake, na kati ya mlima na mlima kulikuwa na bonde la mafunjo ambamo vyura walipiga kelele usiku kucha. Mchana jua, alasiri radi kutoka ziwani, mvua ya nusu saa, kisha udongo mwekundu ukanukia mpaka ukatamani kuuonja. Katika Barabara ya Bombo popo kwa maelfu walining'inia kwenye mikaratusi, na magharibi walipaa wote kwa pamoja mbingu ikawa nyeusi.

Mjomba alinipeleka Mengo siku yake ya mapumziko. Kutoka Bulange, jengo la bunge la Buganda, barabara hunyooka moja kwa moja mpaka kwenye lango la kasri juu ya mlima wa pili. Katikati kuna mzunguko, nasi sote huzunguka, lakini Kabaka hazunguki. Kwa hiyo katikati ya mzunguko wametia lango, lifunguliwe yeye tu apite sawasawa. Tulipokuwa pale gari jeusi likaja na pikipiki mbele. Wanaume barabarani wakalala chini, na kanzu zao nyeupe, juu ya udongo ule mwekundu. Mjomba akanivuta tukachutama. Niliona upande wa uso wa Mutesa wa Pili, Kabaka na wakati huo Rais wa Uganda, mwembamba, kijana kuliko nilivyodhani. Likapita. Watu wakainuka, wakajikung'uta, wakaendelea na mazungumzo yao.

Lakini Kasubi ndiko nilikoguswa zaidi. Hapo ndipo Mutesa wa Kwanza alipojenga kasri lake mwaka 1882, na alipofariki miaka miwili baadaye akazikwa humo humo. Kabaka Mwanga na Kabaka Daudi Chwa wakamfuata. Nyumba inaitwa Muzibu Azaala Mpanga, ni paa tu la nyasi lililoshuka mpaka karibu na ardhi, kubwa kiasi ambacho macho hayakulimaliza kwa mara moja. Tulivua viatu. Ndani kulikuwa na giza la ubaridi, harufu ya nyasi kavu, moshi mkongwe na magome ya mti wa mutuba. Wanawake wazee, walinzi wa makaburi, waliketi kwenye mikeka wakisuka, wakatusalimu bila kuacha kusuka. Juu, kwenye dari, miduara ya matete ilifuatana, na mke wa mjomba akaninong'oneza kuwa ni 52, idadi ya koo za Waganda. Mbele kulikuwa na safu ya mikuki, na nyuma yake pazia la gome jekundu kutoka juu mpaka chini. Nyuma ya pazia wanapaita msitu, ndiko wafalme walikokwenda. Waganda hawasemi Kabaka amekufa. Wapo wa ukoo wa Ngeye ambao kazi yao, kizazi baada ya kizazi, ni kuezeka nyumba ile, na walikuwa juu ya paa siku hiyo wakirusha mafungu ya nyasi kwa nyimbo.

Nilirudi Mombasa, nikapata kazi bandarini. Mei 24, 1966, majeshi ya serikali ya Milton Obote yalilishambulia kasri la Mengo, na mjomba alisikia mizinga akiwa Nsambya. Barua yake ilikuwa na mistari mitatu tu, naye alikuwa mwandishi wa barua ndefu. Kabaka alikimbilia London, akafariki huko 1969. Mwaka 1971 mwili wake ukarudishwa, naye akalazwa Kasubi pamoja na baba zake. Mwaka uliofuata Rais Idi Amin akawafukuza Waasia kwa notisi ya siku tisini, na maduka ya Barabara ya Kampala, ambako nilikuwa nimemnunulia mama kitambaa cha kitenge, yakafungwa milango. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na mjomba akarudi pwani na mkewe, reli aliyoitumikia ikiwa imekatwa vipande vitatu. Alizeeka akiisikiliza treni ya Mombasa kila jioni na kutaja saa.

Nimerudi Kampala mara kadhaa tangu wakati huo, kwa basi. Mabonde ya mafunjo yamejaa nyumba, na vyura nadhani wamehama. Juu ya Kampala ya zamani, mlima ambako Mwingereza Lugard alijenga ngome yake mwaka 1890, sasa kuna msikiti mkubwa uliokamilishwa kwa msaada wa Gaddafi, na ukipanda mnara wake unauona mji wote. Kiswahili nacho kimeinuka: vijana wa boda boda wananijibu bila wasiwasi, na serikali yenyewe imekitambua kuwa lugha rasmi. Ufalme ulirudishwa mwaka 1993, na lango la katikati ya mzunguko lingali linafunguliwa kwa mtu mmoja tu.

Usiku wa Machi 16, 2010, Kasubi iliungua. Nilipata habari redioni, nikakaa kitako. Mke wa mjomba, mjane wakati huo, alilia mchana kutwa hapa Mombasa, na hakuna aliyethubutu kumwambia ni nyumba tu. Waganda waliijenga upya, ikachukua zaidi ya miaka kumi, kwa sababu kila ukoo ulikuwa na kazi yake na hakuna aliyeruhusiwa kuingilia kazi ya mwenziwe. Mwaka 2023 UNESCO iliiondoa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Wengine walilalamika kuwa wajenzi wamechelewa. Mimi naona walikwenda kwa mwendo unaostahili.

Kwa hiyo ewe kijana unayeweka akiba ya London, nenda London, ni mji mzuri. Lakini anza na huu ulio jirani yako. Fika Kasubi, vua viatu, wasalimu wale kina mama kwa Kiganda hata kama ni maneno mawili, na usiwe na haraka ya kupiga picha. Mabasi hutoka Nairobi kila usiku, na kama wewe ni Mkenya hata pasipoti huhitaji: kitambulisho chako cha taifa kinatosha kukuvusha Busia.