Buibui wa hema hakumuunguza mtoto

BUNIA – Mama mmoja aliyekimbia vita katika teritwari ya Djugu aliamka asubuhi ya mvua, akakuta shingo ya mtoto wake ina mstari mwekundu wenye malengelenge, kama ameunguzwa na maji ya moto. Kesho yake jicho likavimba. Majirani walikata kesi haraka: buibui amemkojolea. Na kweli alikuwepo, kwenye nguzo juu ya kitanda, bapa kama karatasi, miguu imetanda pande zote.

Baba wa mtoto akawasha karatasi amchome. Ndani ya hema la bashi! Mama alimpokonya, akambeba mtoto hadi dispanseri.

Muganga hakuuliza habari za buibui. Aliuliza taa inakaa wapi. Ilikuwa imening'inizwa juu ya kichwa cha mtoto.

Anayeunguza ni mdudu mwingine: mwembamba, karibu sentimeta moja, mwenye mapande mekundu na meusi, anayepandisha tumbo lake kama nge. Huzidi wakati wa mvua na hufuata mwanga. Haumi wala hachomi. Mtu akimponda juu ya ngozi, ndipo sumu iliyo mwilini mwake hutoka. Ngozi huanza kuungua saa nyingi baadaye, hata siku ya pili, kwa hiyo hakuna anayemkumbuka, na buibui analipa deni la mwenzake. Mkono uliomponda ukigusa jicho, jicho nalo linavimba. Akitua juu yako, mpulize. Akiisha kupondwa, osha mara moja kwa maji mengi na sabuni. Dawa ya meno haisaidii, na maji ya batri yanaongeza kidonda.

Yule bapa hatandi utando. Huwinda wadudu usiku, na vile visahani vyeupe vinavyoganda ukutani ni mayai yake. Wa kuangalia ni mdogo mwenye tumbo la mviringo na alama ya rangi ya machungwa chini yake, anayejificha kwenye pembe na vyombo vya zamani. Akiuma inauma sana, ingawa kuua mtu ni nadra. Malengelenge yanayofuata upande mmoja tu wa mwili kama mkanda, yenye maumivu makali, ni zona. Hayo pia huitwa mkojo wa buibui, na yanataka muganga.

Sasa taa iko mlangoni. Mama anakung'uta mablanketi kila jioni. Buibui angali kwenye nguzo, na baba bado anamkazia macho kabla ya kulala.