Kwa Motokaa Mpaka Ukara, Kisiwa cha Mawe

Sisi watu wa Bukundi tumezoea nchi ya wazi. Hapa ng'ombe wa jirani huonekana kabla ya nyumba yake, na wakati wa kiangazi maji hutafutwa kwa kuchimba mchanga wa mto. Kwa hiyo kwenda visiwani ni kama kwenda nchi ya kigeni, ingawa si mbali kama wengi wanavyodhani. Katika likizo ya shule tulikodi motokaa, watu watano wa mji mmoja, tukaenda kutazama Ukerewe na Ukara katika Ziwa Viktoria.

Njia ni hii. Kutoka Bukundi unakwenda Mwanhuzi, kisha Maswa na Bariadi, mpaka Lamadi, unapoikuta barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma. Shika kulia mpaka Bunda. Hapo unaiacha barabara kuu na kuelekea magharibi kwa njia ya Kibara, ukifuata nchi iliyoingia ziwani kama kidole. Ukifika Kisorya, nchi imekwisha. Motokaa huingia katika kivuko, nawe unashukia Rugezi, ng'ambo ya pili.

Ukerewe ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vya ziwa hili, karibu kilometa za mraba 530. Barabara hupanda na kushuka kati ya vilima vyenye mawe makubwa. Mabondeni kuna mpunga, nyumbani kuna michungwa, na karibu kila kona unaliona ziwa tena. Mji mkubwa ni Nansio. Huko Kagunguli ndiko alikoishi Mzee Aniceti Kitereza, aliyemaliza kuandika kwa Kikerewe mwaka 1945 kitabu kikubwa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Alingoja miaka mingi kabla hakijachapwa kwa Kiswahili, naye akafariki mwaka 1981. Kitabu hicho kimehifadhi desturi nyingi za wenyeji, na mtu akikisoma kabla ya safari atafaidi zaidi.

Kwenda Ukara hupandwa kivuko kingine, kutoka Bugolora mpaka Bwisya. Maji haya yana msiba wake. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kufika Bwisya. Kiliruhusiwa kuchukua watu wapatao 100, lakini waliokufa peke yao walikuwa 228. Baadaye kililetwa kivuko kikubwa zaidi. Hata hivyo, mzazi asione haya kuwashusha watoto wake akiona chombo kimejaa kupita kiasi. Kuchelewa si kufa.

Na sasa Ukara yenyewe. Ni kisiwa kidogo, na udongo wake ni mchanga uliotokana na mawe, usio na nguvu. Ungedhani nchi ya namna hiyo italisha watu wachache. Lakini tangu zamani Ukara imejaa watu kuliko sehemu nyingi za nchi yetu, na shamba hulimwa mwaka hata mwaka bila kupumzishwa. Wataalamu wa kilimo waliandika habari za Wakara tangu miaka ya 1930, wakistaajabu.

Siri yao ni kazi. Ng'ombe hawakuachwa kuzurura. Walifungwa nyumbani, wakakatiwa majani. Majani yaliota hata katika mashimo yaliyochimbwa makusudi kando ya ziwa. Samadi ilikusanywa yote, ikachukuliwa kichwani mpaka shambani. Ndani ya uwele walipanda mmea wa jamii ya marejea, ambayo watawa wa Peramiho waliieneza baadaye kwa wakulima wengi. Mmea huo ulifukiwa uwe mbolea. Mwaka mwingine walipanda njugumawe. Mitelemkoni walijenga kuta za mawe ili mvua isichukue udongo. Siku hizi muhogo umeenea, na si kila mtu anayefuata mambo hayo yote, lakini kuta zingalipo.

Mwenzetu mmoja, mwenye ng'ombe themanini, alimwuliza mzee wa huko ana ng'ombe wangapi.

"Wawili, mwanangu."

Mwenzetu akatabasamu. Mzee naye akauliza, "Na samadi ya wale wako unaipeleka wapi?"

"Imelala zizini, mzee."

"Basi una ng'ombe themanini, lakini shamba lako halina hata mmoja."

Hakujibu kitu, wala sisi wengine hatukumsaidia, maana mazizi yetu yote ni namna moja.

Lakini kuna jambo jingine la kufikiri. Wakara wengi walihamia bara, wakapata mashamba mapana. Wataalamu waliowachunguza katika miaka ya 1960 waliona kwamba huko waliiacha ile kazi ya samadi na majani. Kumbe si kwamba Mkara alizaliwa na maarifa kuliko Msukuma. Alibanwa na maji pande zote, hakuwa na mahali pa kuhamia.

Je, sisi tunapo? Baba zetu shamba likichoka walihama. Leo ukihama unakuta shamba la mtu, au malisho ya Mtaturu, au mpaka wa hifadhi. Bukundi nayo inakuwa kisiwa, ila haina maji ya kutuonyesha ukingo wake.

Wala hatuanzi mikono mitupu. Kutunza ngitili, yaani kufunga malisho ili ng'ombe wasife njaa wakati wa kiangazi, ni desturi ya wazee wetu wenyewe. Mikokoteni tunayo, na maksai wa kuikokota. Wakara walibeba kwa kichwa. Basi, kabla ya mvua za kwanza, kila nyumba ipeleke samadi katika ekari moja tu iliyo karibu, na wakati wa mavuno wailinganishe na ile isiyopata kitu. Shamba lenyewe litasema.