Mtoto anaharisha, linki haifunguki

Wazazi wengi wa siku hizi wana maktaba ya malezi ndani ya simu bila kujua. Ipo kwenye grupu la WhatsApp la kina mama waliokutana kliniki, kwenye skrinshoti zilizochanganyika na picha za harusi, na kwenye linki ambazo mtu alijitumia mwenyewe saa tano usiku akinuia kuzisoma kesho. Lakini linki ni anwani tu. Mwenye nyumba akihama, anayefuata anwani hiyo anakuta kiwanja kitupu.

Na kuhama huko ni kwingi. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilieleza mwaka 2024 kuwa asilimia 38 ya kurasa zilizokuwapo mtandaoni mwaka 2013 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye. Mapema mwaka 2025 hata CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, iliondoa kurasa zake kadhaa kufuatia amri ya Rais, nyingine zikarudishwa Februari kwa amri ya mahakama.

Mama mmoja wa Mbagala aliyaona hayo kwa kiwango cha jikoni kwake. Mwanawe wa mwaka mmoja na nusu alianza kuharisha usiku, duka la dawa limefungwa, pakiti ya ORS hakuna. Alikumbuka kuwa aliwahi kuhifadhi makala nzuri kuhusu kutengeneza maji hayo nyumbani. Linki ikaleta ukurasa mweupe. Sukari aliikumbuka, chumvi hakuwa na hakika: nusu kijiko au kijiko na nusu? Si jambo dogo, maana chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Alimwamsha kwa simu mama yake mdogo, akapata jibu: maji safi na salama lita 1, sukari vijiko 6 vya chai vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai. Asubuhi alikuwa kituo cha afya, akapewa ORS na zinki. (Mtoto asiyeweza kunywa, aliyelegea, mwenye macho yaliyoingia ndani au anayeharisha damu hasubirishwi asubuhi.)

Siku hizi mama huyo akipenda makala, anaihifadhi yote. Kwenye Chrome ya simu ya Android anabonyeza vidoti vitatu vya juu, anachagua kushiriki, kisha kuchapisha, na badala ya printa anachagua kuhifadhi kama PDF. Faili hilo husomeka bando likiwa limekwisha. Nakala ya pili anaiweka kwenye memori kadi, kwa kuwa simu nazo huibwa na watoto huzitumbukiza kwenye ndoo.

Ila kuhifadhi kuna mtego wake, na hapa ndipo wazazi makini hunaswa. Nakala haizeeki, ushauri wa afya unazeeka. Tanzania iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, ikaweka SP, na miaka michache baadaye ikahamia dawa mseto. Mwaka huohuo wa 2001 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, wakati awali lilisema minne hadi sita. Huko Ulaya na Marekani wazazi waliwahi kufundishwa kumlaza mtoto mchanga kifudifudi. Leo analazwa chali. Aliyetunza makala ya zamani bila tarehe ametunza kitu cha hatari chenye sura ya busara.

Kwa hiyo mama wa Mbagala huanza jina la kila faili na mwaka, na akienda kliniki humwuliza muuguzi kama maelekezo bado ni yaleyale. Machache ya dharura ameyachapisha steshenari na kuyabandika ndani ya mlango wa kabati la vyombo, pamoja na namba ya bodaboda wa mtaa. Dada wa kazi, ambaye simu yake ni ya tochi, huyasoma hapohapo.