Pumzi Ishirini

Mwanafunzi wangu aliandika 32. Mimi nikamfanya aandike 20.

Ilikuwa wodi ya upasuaji ya wanawake, hospitali moja ya Dar es Salaam nisiyoitaja kwa sababu kosa ni langu, si lao. Mgonjwa alikuwa ametolewa uvimbe kwenye kizazi asubuhi. Mwanafunzi, binti wa Mbagala, alinifuata na chati mkononi. "Madam, yule mama wa dirishani anahema haraka." Nikatazama presha: 112 kwa 84. Nikamwambia presha iko sawa, aende akahesabu vizuri. Akarudi na 20. Nikasaini.

Wanaofundisha wodini huku Temeke na Kinondoni wanajua mambo yanavyofika hapo. Wanafunzi wengi, mashine ya presha ya kugombania. Mashine inakupa presha na mapigo papo hapo, lakini pumzi inataka usimame, utazame kifua kikipanda na kushuka dakika nzima, mgonjwa asijue kwamba unamhesabu. Kwa hiyo mwanafunzi hurithi kwa waliomtangulia kwamba mtu mzima hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, basi ukiandika 20 hugombani na mtu. Nilijua wanafanya hivyo. Mtihani wa vitendo ulinitaka nitoe alama kwa chati iliyojazwa yote, na chati zao zilikuwa nadhifu kweli. Nilizionea fahari.

Na darasani, kwa madaha kabisa, nilikuwa nafundisha kinyume. Kwamba mwili unaovuja damu hujitetea: mishipa hubana, moyo huenda mbio, pumzi huongezeka, na presha ya juu inaweza kubaki palepale mpaka mtu apoteze karibu asilimia 30 ya damu yake, yaani kama lita moja na nusu. Ile ya chini inaweza hata kupanda, nafasi kati ya namba mbili ikawa finyu. Ukingoja presha ishuke, umechelewa. Nilikuwa na slaidi nzuri sana ya jambo hilo.

Jioni presha ikashuka. Damu ilikuwa inavujia tumboni.

Walipokuwa wanamsukuma kurudi thieta, nilibaki na faili, nikalisoma kwa kufuata mstari badala ya kurukia namba ya mwisho. Mapigo: 88, 104, 118. Presha: 118 kwa 74, 114 kwa 80, 112 kwa 84. Slaidi yangu yote ilikuwa pale, kwa mwandiko wa mwanafunzi. Chini, kwenye pumzi: 20, 20, kisha 32 iliyokatwa kwa mstari mmoja, kama nilivyowafundisha kukata makosa, na pembeni yake 20. Kati ya namba zote nne, iliyohesabiwa kweli ni ile iliyokatwa. Saini ni yangu.

Mama yule alipona. Alifunguliwa tumbo mara ya pili, akaongezewa damu, ndugu zake wakaitwa kuchangia, akalala wodini siku nyingi kuliko alivyokuwa ameambiwa. Nilimweleza daktari na mkuu wa wodi habari ya ile 32. Mgonjwa mwenyewe aliambiwa kwamba damu ilivuja. Kwamba tungeweza kujua mapema, hakuambiwa, nami sikumwambia. Hilo nalo ni langu.

Yule binti nilimwomba radhi mbele ya wenzake. Akasema, "Sawa, Madam." Tangu hapo alikuwa ananipa namba tu, alichokiona kwa macho yake alikuwa anaenda kumwambia muuguzi wa zamu.

Usiniambie wewe ungeona. Fungua mafaili matano ya wodi yako, uangalie mstari wa pumzi.

Siku hizi wanafunzi wangu wanaanza na pumzi, mashine ikiwa bado ofisini, na chati yenye 20 kitanda hadi kitanda nairudisha. Wauguzi wa wodi wanalalamika kwamba tunawachelewesha. Ni kweli, tunawachelewesha.