Nani Yumo Kwenye Daftari

Miaka yote niliyokaa chumba cha habari, swali langu la asubuhi lilikuwa moja: nani atanipa habari leo? Ukimpata mkulima mmoja anayelalamika kwamba hajalipwa, na kiongozi mmoja anayekanusha, tayari una habari. Unaandika, unatuma, kesho unaamkia nyingine. Nilipoanza masomo ya uzamivu katika biashara na menejimenti, nikakutana na swali la namna nyingine: kabla hujamuuliza mtu lolote, eleza kwa nini ni huyo na si mwingine. Usanifu wa utafiti unaanzia hapo, na nikwambie ukweli, hakuna somo lililoninyima usingizi kama hilo.

Mada yangu ni uongozi wa vyama vya msingi vya ushirika wa korosho, zile AMCOS, katika Masasi na Newala. Kwa asiyeijua Mtwara: Masasi ipo chini, kati ya vilima vya miamba. Newala ipo juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, pale ardhi inapokatika ghafla na bonde la Ruvuma kubaki chini ya miguu yako. Huko kote korosho ndiyo ada, ndiyo bati, ndiyo mahari. Na tangu msimu wa 2007/08 huuzwa kwa stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka mzigo AMCOS, unapimwa, anapewa stakabadhi. Mzigo unakwenda ghala kuu, wanunuzi wanashindana mnadani, na fedha zinarudi kwa mkulima zikishapita kwenye makato.

Vitabu vya mbinu vina jibu jepesi kwa mada kama hii. Chagua vyama kadhaa, chukua daftari la wanachama, chota majina kwa bahati nasibu, kisha peleka hojaji yenye kauli za kukubali au kukataa kwa ngazi tano, kile kipimo cha Rensis Likert cha mwaka 1932. Ukirudi mjini, kompyuta inakupa asilimia. Kazi safi, na kamati nyingi zinaipenda.

Ila daftari lenyewe ni nani kalijaza? Wapenzi wa riwaya mtanielewa haraka: kuchagua sampuli ni kama kuchagua msimulizi. Ukishamchagua, kuna vyumba vya nyumba ile ambavyo msomaji hataviona kamwe.

Nilipokwenda Newala kuangalia tu mazingira, mama mmoja aliniambia, "Mikorosho ni ya mzee, kuokota ni kwangu." Kwenye daftari lipo jina la mzee. Huyo mama anajua gunia la mwaka huu limetoka mti gani, anajua dawa ya ubwiriunga ilichelewa wiki ngapi, lakini kwa utafiti wa daftari hayupo.

Halafu kuna kangomba. Hiyo ni biashara ya kununua korosho kienyeji, nje ya mfumo, kwa bei ya kutupa, na mara nyingi kabla ya msimu, mkulima akiwa hana kitu ndani. Ni marufuku, na kila mtu anaijua. Aliyeuza kangomba mzigo wake wote hana stakabadhi wala malipo ya mnada. Kwenye vitabu vya chama ni kama hakuvuna. Yaani mtu ambaye mfumo umemshinda kabisa ndiye ambaye utafiti kuhusu mfumo unaweza kumkosa. Ukiwauliza waliobaki kama wanaridhika, lazima utapata asilimia nzuri.

Kuna jingine zito zaidi, nalo ni kumbukumbu. Oktoba 2018 wakulima walizikataa bei za mnadani. Novemba, Rais John Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kusomba. Lakini malipo yalipitia uhakiki. Maofisa walifika vijijini wakiuliza: shamba lako liko wapi, ekari ngapi, umevuna kilo ngapi? Lengo lilikuwa kuwanasa wa kangomba.

Sasa fungua hojaji yoyote ya kilimo uone inaanza na nini. Ekari ngapi, mikorosho mingapi, kilo ngapi. Vitabu vinashauri kuanza na maswali mepesi ili mhojiwa azoee. Uwandani Makonde hayo siyo mepesi hata kidogo. Mzee mmoja nje ya ghala alinitazama na karatasi zangu, akasema, "Hapo andika sijawahi kuuza kangomba. Umeshaandika? Haya, weka kalamu chini, mwanangu, tuongee."

Mimi siyo wa kwanza kupanda huku na karatasi. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, wa makumbusho ya Leipzig, alikusudia kwenda kaskazini mwa nchi. Huko kukawa na machafuko, akageuzia safari kusini: kwa meli hadi Lindi, kisha kwa miguu hadi Masasi na Newala, na fonografu ya kunasia sauti. Nchi ilikuwa inatoka kwenye Vita vya Majimaji. Misheni ya Masasi ilikuwa imeteketezwa mwaka 1905. Ukikisoma kitabu chake, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1909, utakuta nyimbo, ufinyanzi, unyago, vinyago. Alikuwa mtu wa makumbusho, na alikusanya kama mtu wa makumbusho. Kila mtafiti huondoka na kile ambacho kapu lake liliandaliwa kubeba.

Kwa hiyo nimesuka kapu upya. Nimechukua njia ya uchunguzi kifani, ambayo Robert Yin aliitetea katika kitabu chake cha mwaka 1984 kwa maswali ya "vipi" na "kwa nini". Ni vyama viwili tu, kimoja Masasi, kimoja Newala. Badala ya kufuata majina, nafuata gunia. Yeyote anayeligusa yumo: mama anayeokota, kibarua, karani wa mizani, dereva, mlinzi wa ghala, na hata mnunuzi wa kangomba akikubali. Nitakwenda mara mbili: Februari, wakati korosho ya jana imeshaliwa na ya kesho bado, na Oktoba, minada ikianza. Anayekuja Oktoba peke yake atakuta wenye magunia. Na daftari langu halitakuwa na jina wala idadi ya kilo za mtu, ili hata likidaiwa siku moja, lisimfunge yeyote.

Gharama yake naijua. Sitaweza kusema "asilimia kadhaa ya wakulima", na kamati itaniuliza hilo kabla sijakaa.

Kuna sehemu nyingine ambayo uandishi wa habari haukuwahi kunidai: kusema mapema ni kitu gani kitaniangusha. Hoja yangu ni kwamba watu wanakimbilia kangomba kwa sababu hawauamini uongozi wa chama chao. Nikikuta waliouza mapema wanauamini sawasawa na waliosubiri mnada, hoja imekufa. Itakuwa njaa ya Februari na daftari za shule, na mwenyekiti bora kuliko wote asingeizuia. Hapo nitalazimika kuandika, ndani ya tasnifu ya menejimenti, kwamba tatizo halikuwa menejimenti. Nimeliweka hilo ukurasa wa tatu wa pendekezo langu, kwa maneno hayo hayo, ili wakati ukifika nisije nikalikwepa.